Mwiko wa Mayai

Likasi, mtaa wa Kikula, tarehe 6 mwezi wa tatu 1994

Kwa Mama Alphonsine, mama mukwe wangu wa heshima, Bukama

Mama,

Salamu zangu ziingie kwanza, zipige magoti pale mlangoni penu, na mimi nibaki nje ya lupango, nje ya ua, kama mukwe aliyefundishwa adabu. Muko namna gani, Mama? Lile goti la kushoto limepoa, ama bado linawaamsha mvua ikitaka kunyesha? Tumesikia maji ya Lualaba yamepanda mwaka huu mpaka watu wa chini wamehamisha mbuzi wao. Naomba Mungu nyumba yenu ibaki kavu, na samaki wasisahau njia ya nyavu zenu. Sisi hapa Likasi tunapumua. Mshahara haupumui tena, umeme unapumua kwa shida, lakini sisi wenyewe tunapumua.

Mulamu wangu Berthe, mdogo wa bibi yangu, najua ni wewe unayeshika karatasi hii, maana macho ya Mama hayasikilizani na herufi. Soma polepole. Usiruke neno eti kwa sababu linakuchekesha. Ukikuta kosa, usinihukumu: shule niliiachia darasa la tano, barabara ndiyo iliyonimalizia masomo. Nimeendesha lori mpaka Ndola na Kitwe, nimekunywa chai Bulawayo katika kikombe chenye kisahani chake. Waliomaliza darasa la sita wamefika wapi? Lakini mbele ya Mama najua mimi ni mtoto tu, mtoto mwenye ndevu.

Mama, nianze na habari nzuri, ile mbaya itangoja zamu yake. Joëlle, binti yenu, ana mimba, na iko mwezi wa saba. Musione vibaya kwamba hatukutuma neno mapema. Baada ya wale wawili tuliowazika, yeye mwenyewe alisema safari hii hakuna atakayeambiwa kitu mpaka mimba ijitangaze. Basi imejitangaza. Akiingia nyumbani tumbo linatangulia, yeye anafuata nyuma kama mtu aliyemsindikiza mgeni.

Najua hapo mumepiga vigelegele na Berthe amesimama. Kaa, Berthe. Bado tuko mlangoni.

Mambo ninayotaka kuwaeleza, Mama, ni mambo ya chungu na tumbo, na mukwe hayasemi hayo mbele ya mama wa bibi yake. Miaka yote hii hamujaniona nikitafuna. Mulipokuja kwetu nilikula nyuma ya nyumba pamoja na mbwa wa jirani, na tulielewana vizuri. Mukipita kushoto, mimi napita kulia. Kwa hiyo nimeita karatasi inisaidie. Karatasi haina uso wa kuinamisha.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zilipoanza, Joëlle aliishiwa nguvu. Alikuwa akipanda zile ngazi chache za kanisa anakaa katikati, anajifanya anafunga kiatu, na alikuwa amevaa kandambili. Nilimpakia juu ya kinga yangu, hii baiskeli inayonilisha sasa, nikampeleka dispensari. Mzalishaji wa pale, mkunga, anaitwa Mama Hélène, mwanamke mfupi, lakini sauti yake ni ya kamanda. Alimfunua kope za macho, akazungusha utepe kwenye mkono wake wa juu, halafu hakumtazama Joëlle, akanitazama mimi. Aliniuliza huyu mwanamke anakula nini. Nilijibu kwa kifua mbele kwamba nyumbani kwa Bertin hakuna njaa, bukari, ugali wetu, inapikwa kila jioni, na watu wanalala wameshiba. Alisema bukari inajaza lakini haijengi. Alisema mtoto anajengwa kwa maharagi, samaki, karanga, nyama na mayai. Asipoletewa matofali hayo atayabomoa kwenye mwili wa mama yake, na yakiisha huko naye atatoka kabla ya siku zake, mdogo, kama wale wa kwanza. Alisema hivyohivyo, kama wale wa kwanza, na Joëlle amekaa palepale anasikia.

Nilitaka kuonyesha kwamba mimi ni mwanaume, nikaahidi kuwa kila Jumapili nitamletea mguu wa mbuzi. Mama Hélène alinicheka. Aliniuliza kama lori langu lilikuwa likitembea juma zima kwa mafuta ya Jumapili. Alisema mwili wa mwenye mimba hauna tanki la akiba kwa chakula hicho, unataka kidogo leo, kidogo kesho, asubuhi kitu na jioni kitu, mpaka siku ya kuzaa, hata siku ya mvua, hata siku ambayo baba amerudi mikono mitupu. Mama, mtu akinitukana kwa maneno ya lori, naelewa mara moja.

Tulianza kurudi. Tulipofika karibu na soko Joëlle aliniambia, nyuma ya mgongo wangu, kwamba huyu akienda naye, yeye hatarudi tena mlimani kuzika, nitakwenda peke yangu. Niliendelea kukanyaga.

Zamani kazi hiyo ingekuwa mchezo. Zamani kampuni ya shaba ilitupa mposho kila mwezi: unga, maharagi, mafuta, samaki mkavu, mpaka watu wakagombana kwa sababu ya wingi. Sasa tanuru nyingi zimezimwa, lori langu limelala juu ya mawe bila matairi, na mposho imekuwa hadithi ambayo watoto wanafikiri tumeitunga. Lakini nilijiambia, Bertin, wewe uliyepitisha lori mpakani bila breki, utashindwa na sahani moja?

Nilianza na maharagi. Maharagi ni makaidi, Mama, munayajua. Yanakula makala ya moto kuliko mtu anavyokula maharagi. Nikayaloweka usiku kucha, nikafunika sufuria kwa jiwe, nikalipepea jiko la mbabula mpaka mkono ukauma, na jirani yetu Germain akapitisha kichwa juu ya ukuta akiuliza kama nimeoa ama nimeolewa. Nikamwambia nimeoa vizuri kiasi kwamba naogopa mwenye mali asije kumchukua. Alicheka, lakini siku hiyo Joëlle alikula maharagi, na hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

Makala yalipokosekana, wanawake wa Kambove walileta viwavi wakavu, tukala viwavi. Viwavi walipoisha, ilikuja siku ambayo kweli hapakuwa na kitu, hata kichwa cha ndakala, wale samaki wadogo wakavu. Nilikaa mlangoni nikijiuliza nitamwambia nini Mama Hélène. Mvua ikaacha, na inswa wakaanza kutoka ardhini, wale kumbikumbi wa mvua ya kwanza. Mama, mimi mtu mzima, dereva wa safari za nje, nilikimbia na beseni katikati ya watoto wa mtaa, nikawasukuma watoto wa watu. Mmoja aliniita babu mlafi. Nilimpa mkono mmoja wa inswa anyamaze, wengine nikawakaanga. Joëlle alicheka mpaka akashika tumbo. Usiku ule nililala kama waziri.

Halafu nilikwenda Mwadingusha kutafuta samaki. Nilikanyaga kinga mpaka matako yakasahau kazi yake. Samahani Mama, Berthe, hilo ungeliruka. Njiani kurudi askari wa kizuizi walinisimamisha, wakafungua kapu, wakasema samaki hawana karatasi. Niliwasimulia hadithi za Bulawayo mpaka wakachoka, wakachukua wao walichochukua, wakaniacha. Nikaingia nyumbani naimba. Joëlle akafunua kapu, akatazama, akalifunika tena polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Wote walikuwa kambale wa moshi.

Hapo ndipo nilipokumbuka mwiko wenu.

Munaukumbuka kuliko mimi. Mulikuja kutusaidia kumzika yule wa pili. Asubuhi ya kupanda treni mulimwita Joëlle nyuma ya nyumba, mukampaka pemba, ule udongo mweupe, kifuani, mukamwambia kwamba mimba nyingine ikishika asile kambale, maana samaki yule hana magamba na mtoto atateleza kama yeye. Na asile yai, maana yai ni mtoto aliyefungiwa asiye na mlango. Mukasema: "Kijila hiki, mwiko huu, nimekifunga mimi, na nitakifungua mimi, siku nitakayosikia mtoto amelia." Nilikuwa dirishani, nilisikia yote. Nilicheka kimyakimya. Nilijiambia kwamba Bulawayo nimeona wanawake wenye mimba wakila mayai pamoja na chai, na watoto wao wamejaa barabarani wanapigiwa honi. Mwanaume anayetembea sana, Mama, anarudi nyumbani na ujinga wa kila mji.

Joëlle alisema kwa upole kwamba mimi nile kambale, yeye atakula majani. Nilikula. Kila tonge lilikuwa na mwiba hata pasipo mwiba.

Basi nilichukua koti langu la ngozi, lile la Kitwe, nikabadilisha kwa kuku watatu. Wanalala chini ya kitanda chetu, maana kuku anayelala nje Kikula anaamkia mu chungu cha mtu mwingine. Germain alinipa jina jipya, Papa Kuku. Nilimwambia Joëlle asiwe na wasiwasi, mayai nitayapeleka kwa Amisi mwenye duka, na Amisi atanipa ndakala na karanga. Na ndivyo tulivyofanya, naapa. Amisi ni mtu mwema, baba yake alitoka Kasongo, hawezi kukudanganya kwa kipimo. Joëlle alikula ndakala kila jioni, na uso wake ukaanza kurudi.

Kisha njia ikaharibika, magari yakakwama, na juma moja kabla ya Noeli nilimkuta Amisi amekaa nyuma ya meza yenye chumvi na viberiti tu. Alifungua mikono akasema, Bwana Bertin, hata kama utaniletea mayai ya tai, sina cha kukupa. Nikarudi na mayai yangu mfukoni. Njiani nilipita dispensari, na Mama Hélène alikuwa nje anaanika vitambaa. Alinyanyua tu mkono wake wa juu akaushika kwa vidole viwili, hivi, kama utepe.

Tangu siku hiyo nilisema uji wa asubuhi wa Joëlle nitapika mimi. Unga wa mahindi, soya kidogo iliyosagwa, maji ya ndimu. Wanawake wa bombani walipiga kelele waliposikia. Mmoja alitaka kuja kuangalia kama nimefunga kitenge. Joëlle mwenyewe aliona haya, halafu akazoea, halafu akaanza kuniuliza nimejifunzia wapi. Nilimjibu ni uji wa madereva. Na nguvu zilirudi, Mama! Mashavu, sauti, hata hasira yake nzuri ya zamani. Mtoto alianza kupiga mateke jioni mpaka kitenge kinatikisika. Mama Hélène alizungusha utepe mwezi wa pili, akauzungusha tena kama asiyeamini, akaniuliza tofali gani nimelipata wakati mji mzima unatafuta. Nilitabasamu tu. Nilitoka pale natembea kama mtu aliyejenga bwawa la Mwadingusha kwa mikono yake.

Sasa Mama, habari ile nyingine zamu yake imefika. Joëlle hali tena kutoka mkono wangu. Ametafuta mbabula yake mwenyewe kwa Anne, bibi ya Germain, anapika chungu chake peke yake nje chini ya paa: bukari na kalembula, majani ya viazi, bila karanga, bila ndakala hata nikizipata, bila kitu chochote nilichokigusa mimi. Maharagi niliyoyapika aliyatazama, akasema asante, akawapa watoto wa jirani. Mashavu yanaondoka tena. Miguu imeanza kuvimba. Mama Hélène amekuja mpaka nyumbani, amemsihi kama dada, na Joëlle amemjibu kwa heshima: "Mama Hélène, utepe wenu unapima mukono. Neno ya mama yangu, muko na utepe wa kulipima?" Mama Hélène ameondoka bila kuaga, na nje amenishika shati akaniambia kwamba akiendelea hivi, mtoto hatangoja mwezi wa tisa.

Berthe, hapa toa watoto nje. Na Mama, kama mumesimama, naomba mukae.

Ilikuwa mayai. Kila asubuhi, tangu ile siku ya Amisi, nilivunja yai ndani ya uji, nikalipiga kwa mwiko wa mti mpaka likapotea kabisa, nikazidisha ndimu kuua harufu. Maganda nilizika chini ya migomba kama mwizi. Binti yenu alikula mayai kutoka Noeli mpaka katikati ya mwezi wa pili, bila kujua, kutoka mkono wa mume wake, na kila akimaliza kikombe aliniambia asante.

Na nani alimwambia? Si adui. Ni mdomo huuhuu wangu. Baada ya ule utepe wa mwezi wa pili nilikwenda kunywa munkoyo na Germain na wengine, na mtu mmoja akasema wanawake wa Likasi mwaka huu watazaa vijiti. Nilishindwa kujizuia. Nilisimama, nikasema labda wa kwenu, wa kwangu anazaa gogo, maana mimi Bertin nimeushinda mwiko wa Bukama kwa kijiko kimoja! Nikaeleza namna ya kupiga yai. Nikaonyesha na mkono. Walicheka, wakanipigia makofi, na mimi nikainama kama mwanamuziki. Germain alimsimulia Anne, Anne akamtania Joëlle bombani, akamwambia "Weye Joëlle, kumbe mayai ya bwana iko inafanya kazi!" Anne hakuwa na ubaya, alifikiri Joëlle anajua.

Joëlle aliacha ndoo pale bombani. Aliingia nyumbani. Alikwenda nyuma ya nyumba akatia vidole kooni. Akachukua sufuria ya uji akaisugua kwa majivu, akaisugua tena mpaka ikang'aa, akaipindua juu ya jiwe. Mimi nilisimama pale nasema maneno mengi, Bulawayo, matofali, utepe. Alisubiri nimalize. Halafu alisema: "Umenifanya nimudanganye mama yangu na mudomo wangu umefunga." Basi. Tangu hapo, ninapoongea ananisikia kama mtu anavyosikia treni ya mbali.

Mama, sikuandika barua hii ili niwaambie kwamba mwiko wenu ni uongo. Ningeandika hivyo mwaka jana, na ningejiona mwerevu. Nawaandikia kwa sababu mtoto ambaye alikuwa anacheza kila jioni sasa kuna jioni anakaa kimya. Joëlle akisinzia mchana, naweka mkono pale, na mimi niliyecheka dirishani nasikiliza kama mtu aliyeweka sikio kwenye ukuta wa jirani. Wakati mwingine anasogea. Wakati mwingine nangoja sana. Na ninajiambia: kama Mama anasema kweli, mimi nimemfungia mtoto mlango kwa mayai. Na kama Mama Hélène anasema kweli, njaa itamtoa kabla ya siku. Njia zote mbili, anayeshika usukani ni mimi. Naogopa, Mama. Neno hilo sijaliandika kwa mtu, na sijalisema, hata siku ya breki.

Basi ninaloomba ni hili. Fungueni. Mulifunga ninyi, na Joëlle hatakula kwa neno la mzalishaji, wala la padri, wala langu, hata nikilia mbele yake. Atakula kwa neno lenu tu. Najua mulisema mutafungua siku mtoto amelia. Nawaomba mufungue kabla, ili aje kulia. Na musitume karatasi, kwa sababu karatasi itapita mikononi mwangu na yeye mikono yangu haiamini tena. Barua hii anawaletea Fidélie, yule mama anayefuata samaki kwa treni. Anarudi Likasi treni yoyote itakayopata mafuta. Berthe apande naye. Aje na pemba kutoka mkono wenu, na neno lenu ndani ya mdomo wake, aliseme mbele ya Joëlle mimi nikiwa nje. Nitamlipia Berthe njia nzima kwa kuku mmoja mnene, na nitanyamaza muda wote atakaokuwa hapa. Najua munacheka. Nitajaribu.

Na kama kwa desturi yenu kijila kilichovunjwa hakiwezi kufunguliwa hivihivi, kama ni lazima kimkamate mtu, basi kiondoeni kwake mukifunge juu yangu. Aliyevunja ni mimi. Yeye hakuvunja kitu, alikunywa uji. Nipakeni mimi pemba, hata kutoka huko kwa jina tu. Mimi sitagusa tena yai wala kambale, si mpaka mtoto azaliwe, bali mpaka siku mutakaponizika. Tangu juzi nimeshaanza. Nilipitishiwa kambale wa kuchoma, mafuta yanadondoka, nikageuza uso. Mtoto akikua na akaniuliza kwa nini baba hali yai, nitamwambia nenda kamuulize nyanya yako wa Bukama, na mutamwambia mutakavyoona vema. Hata mukimwambia baba yake alikuwa mpumbavu, sitakataa.

Kama mumekasirika, mukasirike na mimi kwa muda mrefu mutakavyo, lakini hasira isichelewe njiani, itumeni pamoja na Berthe.

Nawasalimia wote walio chini ya paa lenu. Nawasalimia wajomba wa Joëlle na wenye nyavu wote, na yule babu kipofu anayenifanyia mzaha kwamba mahari niliyoitoa ilikuwa mbuzi mzee. Mwambieni alikuwa kijana, alichoshwa na safari tu. Majirani wa hapa, pamoja na Anne ambaye analia kila akituona, wanawasalimia. Mungu awape goti jema na mvua ya kiasi.

Nilikuwa nimeshainua kalamu nitie jina langu. Joëlle yuko nje chini ya paa, anachambua kalembula, mvua inanyesha mbele yake. Ameuliza kupitia dirisha ninamwandikia nani muda wote huu. Nimemwambia kweli: Mama yako, na nimemwambia yote. Ameendelea kuchambua mpaka nikafikiri amerudi kule kwenye treni yake ya mbali. Halafu, bila kunitazama, mikono bado iko ndani ya majani, ameniambia niongeze neno lake moja, niliandike kama lilivyo. Naliandika:

"Mama, niko na njaa."

Mukwe wenu,
Bertin Kipili